Bima ya SHA kwa mama mjamzito: inalipa, ila ukiiwahi

Shilingi 10,000 kwa anayejifungua kwa njia ya kawaida, 30,000 kwa anayepasuliwa. Mjamzito wa Kenya akariri namba hizo mbili kabla ya kusikiliza jambo lingine lolote kuhusu SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Hicho ndicho kiasi ambacho bima inampa mwenye hospitali. Katika hospitali nyingi za umma kinatosha kuifunga bili. Katika hospitali ya kibinafsi kinaipunguza tu, na hospitali mbili zilizo mtaa mmoja zinaweza kukuachia mabaki yasiyokaribiana hata kidogo.

Tunaipa huduma hii ya uzazi alama tatu kati ya tano. Hizo mbili tulizokata tumezikata mlangoni. Ukishaingia ndani, mambo si mabaya.

Kusajiliwa na kulipa ni mambo mawili

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kutakuwa bure. Baadaye mpango huo ukapewa NHIF na jina la Linda Mama. Masharti yake yalikuwa mepesi: kitambulisho, kitabu cha kliniki, basi. Hukuulizwa umelipa nini mwaka huu. Siku hizi serikali inazungumza kuhusu Linda Jamii, jina jipya la mpango huo chini ya SHA, na wamama wengi wanasikia jina linalofanana na lile la zamani wakadhani masharti nayo yamebaki yale yale. Hayakubaki.

SHA ina mifuko mitatu. Mfuko wa afya ya msingi unalipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na pesa zake zinatoka serikalini. Kinachotakiwa kwako ni kujisajili tu. Mfuko wa pili ni SHIF, ile bima yenyewe ya michango. Huu ndio unaolipia kujifungua, upasuaji na kulazwa, na unamhudumia aliyelipa. Wa tatu ni wa dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi, na kwa magonjwa sugu kazi yake huanza pale SHIF inapofika kikomo.

Sasa fuata safari ya mama mmoja katika mifuko hiyo. Anakwenda kliniki kwenye kituo cha afya kilicho karibu, anapimwa, anapewa vidonge vya kuongeza damu, haulizwi senti. Jina lake limo kwenye mfumo na ujumbe wa kumkaribisha SHA umo kwenye simu. Kila dalili inamwambia kwamba ana bima. Anafika leba uchungu ukiwa umekolea, karani anaingiza namba ya kitambulisho, na skrini inaonyesha kwamba mchango haujalipwa. Muda wote ule alikuwa anahudumiwa na mfuko wa kwanza. Mfuko wa kujifungulia haujui habari zake.

Kwa hivyo ukipiga *147# kuangalia hali yako, usiridhike ukiona jina lako limetokea. Angalia kama mchango umelipwa na unakwisha tarehe ngapi. Yale yale yanaonekana kwenye tovuti ya Afya Yangu.

Bei yake, kwa hesabu

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Anayepata Sh24,000 anakatwa 660 kwa mwezi. Anayepata Sh30,000 anakatwa 825, sawa na 9,900 kwa mwaka. Wa Sh100,000 anatoa 2,750, ambapo NHIF ilikuwa haimkati zaidi ya 1,700. Hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi.

Asiyeajiriwa, awe mama mboga, fundi wa jua kali, mkulima au mwenye bodaboda, anapimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali kisha anapewa kiwango cha mwaka. Cha chini kabisa ni Sh3,600. Kwa kutazama kiasi pekee, ni nafuu: NHIF ilimtoza Sh500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Tatizo liko kwenye namna ya kulipa. NHIF alikuwa akiilipa mwezi kwa mwezi. SHIF inataka mwaka mzima kwa mkupuo, na mtu anayepata pesa yake kwa siku na kuila kwa siku si rahisi awe na 3,600 zimelala, sembuse aliyepimwa akaambiwa 7,000 au 8,000. Ndiyo sababu tumekata alama. Mtu aliyeandika sharti hilo hajawahi kuuza sukumawiki.

Dawa iliyoletwa ni Lipa SHA Pole Pole, inayopatikana kupitia *147#: mchango wa mwaka unalipwa kwa mkopo, nawe unaurudisha kidogo kidogo. Inasaidia, lakini kumbuka ni deni. Soma kiasi utakachorudisha kwa jumla, si kile cha siku peke yake.

Hayo maswali ya kupima uwezo yanastahili neno. Yanauliza nyumba imejengwa kwa nini, mnapikia nini, maji mnayatoa wapi, choo ni cha aina gani, mko wangapi. Watu wanayajibu haraka haraka kwenye simu, au wanamwachia kijana wa saiba awajibie, halafu wanashangaa kiwango kilivyopaa. Kosa la kawaida ni kusahau kuwahesabu watoto na wazee wanaokaa kwako, au kujibu kwa nyumba ya nyumbani kijijini wakati unaishi chumba kimoja mjini. Jibu mwenyewe, polepole, na uandike pembeni ulichojibu. Kiwango kikitoka kisichoeleweka, nenda na hayo maandishi Huduma Centre au ofisi ya SHA ya kaunti yako uombe kikaguliwe tena.

Wakati wa kulipa

Hesabu ya wiki ndiyo inayookoa pesa. Mimba huhesabiwa wiki 40. Mwaka wa bima una wiki 52. Ukilipa ukiwa na wiki 8, bima inakufikisha wiki ya 60 ya hesabu hiyo, yaani wiki 20 baada ya kujifungua. Ndani ya muda huo kuna kliniki zote za ujauzito, leba yenyewe, kliniki ya wiki 6 na nafasi ya kushughulikia kidonda kikigoma kupona.

Sasa chukua mtu aliyelipa mwezi wa Januari kwa sababu ya malaria ya mtoto, akashika mimba Juni. Bima yake inakufa Januari nyingine, akiwa na wiki 30 hivi, kabla ya leba. Simu haitamwimbia wimbo wa kumkumbusha. Aandike tarehe hiyo kwenye jalada la kitabu cha kliniki, kwa kalamu, karibu na tarehe ya kutarajia kujifungua, ili kila anapokifungua azione zote mbili.

Kwa aliyeajiriwa hatari ni nyingine. Mwajiri anatakiwa apeleke makato ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na sheria inamtoza asilimia 2 ya ziada akichelewa. Lakini adhabu hiyo anatozwa yeye. Leba unaikabili wewe. Karatasi ya mshahara inaweza kuonyesha umekatwa miezi sita mfululizo na huko SHA kukawa hakuna kitu. Angalia *147# kila baada ya tarehe 10 kuanzia mwezi wa sita wa mimba. Ukikuta pengo, peleka karatasi ya mshahara kwa ofisi ya wafanyakazi mapema, maana mwajiri hatakuja kulipa usiku wa manane ukiwa umefunguka sentimita saba.

Mke na mume wawekane sawa pia. Mume akiwa mchangiaji na mke hana kipato, mke anahudumiwa kwa mchango wa mume, mradi ameandikwa kuwa mtegemezi wake. Kila mmoja ajisajili kwa kitambulisho chake, halafu waunganishwe. Wengi wameishi miaka kumi pamoja na kwenye mfumo hawajuani. Msichana aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho, kwa hivyo aingizwe chini ya mzazi au mlezi kwa cheti chake cha kuzaliwa, na hilo lifanywe mapema kuliko kitu kingine chochote, maana siku ya leba ndiye anayesumbuka kuliko wote. Mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12, awe Mtanzania, Mkongomani au Mganda, naye sheria inamtaka ajisajili.

Kidole kabla ya uchungu

SHA imetoka kwenye namba ya siri inayotumwa kwa simu na kuhamia alama za vidole. Nia ni nzuri: namba ya simu ilikuwa mlango wa wizi, mtu anatumiwa namba akiwa shambani na hospitali asiyoijua inadai imemlaza. Lakini kidole nacho kina shida zake. Mwanamke anayefua nguo za watu kwa sabuni kali, anayeponda kokoto au kuparua samaki, mistari ya vidole inafutika, na mashine inamkataa. Mikono iliyovimba mwishoni mwa mimba nayo inasumbua.

Usiache kidole kijaribiwe kwa mara ya kwanza leba. Ukiwa na wiki 28 hadi 32, pita kwenye dawati la SHA la hospitali unayokusudia kujifungulia, waombe wakusajili alama na kuzithibitisha. Osha mikono, ikaushe kabisa, paka mafuta kidogo usiku uliotangulia na si asubuhi ile. Wajaribu vidole vyote kumi wakihitaji. Gumba na kidole cha shahada ndivyo vinavyochoka kwanza, cha pete mara nyingi kimebaki kizima. Vikigoma vyote, ndio wakati wa kuuliza wanamthibitishaje mtu kama wewe, na jibu ulilopewa liandikwe. Hii ni safari ya saa moja inayookoa siku nzima.

Siku hiyo hiyo uliza mambo matatu kwa karani, na usikubali kujibiwa kwa kutikisa kichwa. Je, hospitali ina mkataba na SHA unaoendelea? Je, imeruhusiwa kuzalisha na kulaza? Swali hili lina maana kwa sababu zahanati nyingi za ngazi ya 2 zina kliniki nzuri lakini haziruhusiwi kulaza. Na la tatu: kwa mama aliyelipa SHIF, bili ya mwisho huwa inabaki kiasi gani kwa kawaida na kiasi gani kwa upasuaji? Hospitali inayojua kazi yake itakutajia namba. Ile inayokuambia "tutaangalia siku hiyo" umeshajibiwa.

Kliniki

Upande huu ndio tulioupenda. Mwongozo wa Kenya unafuata mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12. La kwanza ndilo zito: damu inapimwa wingi wake, kundi na rhesus (ile chanya au hasi inayoandikwa kando ya kundi), kaswende, HIV, homa ya ini aina ya B, na mkojo unapimwa sukari na protini. Unapewa kitabu cha mama na mtoto, vidonge vya madini ya chuma na foliki, sindano ya pepopunda, na kwa walio Pwani, Nyanza na Magharibi, dawa ya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13. Katika kituo cha afya cha umma haya yote yanapaswa yapite bila mama kufungua pochi.

Neno "yanapaswa" limebeba mzigo. Kinachoharibika hapa ni stoo, siyo bima. Vipimo vikiisha, nesi anakutuma maabara ya nje, na huko unalipa mwenyewe. SHA hulipa hospitali, haimrudishii mwanachama pesa aliyotoa mfukoni. Hivyo ukiambiwa kipimo hakipo, uliza kwanza kinatarajiwa lini. Cha wingi wa damu kinaweza kusubiri wiki moja. Cha HIV na kaswende usikiahirishe, kwa sababu kinga ya mtoto inategemea kuanza mapema.

Picha ya skani ndiyo inayozua malalamiko. Inashauriwa ifanywe mara moja kabla ya wiki 24, kwa sababu hapo umri wa mimba unasomeka vizuri zaidi na kondo likiwa limekaa vibaya linagunduliwa. Vituo vya ngazi ya 2 na 3 vingi havina mashine, kwa hivyo unaandikiwa uende ngazi ya 4, na ukivuka kwenda ngazi ya 4 umetoka kwenye mfuko wa bure. Uliza kabla ya kupanda meza, na uende na barua ya rufaa iliyogongwa muhuri.

Rhesus nayo isipite kimya. Mwenye damu ya rhesus hasi aliyezaa mtoto wa rhesus chanya anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, ili mimba zinazofuata ziwe salama. Ni sindano ya bei, inataka kukaa kwenye baridi, na hospitali nyingi hazina akiba yake. Jibu la kundi la damu likitoka hasi katika kliniki ya kwanza, una miezi sita ya kuuliza ipo wapi, inalipiwa na nani, na kupanga. Wanaoliuliza baada ya kujifungua huwa wana siku tatu, na moja kati ya hizo mara nyingi ni Jumapili.

Leba na upasuaji

Beba kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Beba kitabu cha kliniki. Na hata kama bima iko sawa, beba pedi, nguo za mtoto, leso mbili, beseni na sabuni, maana hivyo si vya SHA. Glavu, uzi wa kushonea na dawa ya kuzuia damu vimo ndani ya malipo ya kujifungua. Ukitumwa ukavinunue dukani, vinunuliwe kama ni dharura, lakini risiti itunzwe na jina la aliyekutuma liandikwe. Haitakuletea pesa kutoka SHA, ila bila hiyo malalamiko yako hayana miguu.

Atakayekusindikiza ndiye aende kwenye dawati wakati wewe unaelekea wodini, na akifika aseme mapema: mwanachama wa SHA, amelipa, mwisho wake tarehe fulani. Kosa linalojirudia ni kulazwa kama mteja wa pesa taslimu "kwa muda" kwa sababu mfumo umelala, halafu mfumo ukiamka hakuna anayerudi kubadilisha. Siku ya kuruhusiwa unakuta bili yote imeandikwa taslimu. Mfumo ukiwa chini, msindikizaji arudi kila zamu inapobadilika mpaka aone jina limehamishwa.

Sh30,000 za upasuaji ni malipo ya jumla: chumba, daktari, nusu kaputi, dawa, kitanda. Hospitali ya kaunti ya ngazi ya 4 au 5 inamudu. Hospitali ya kibinafsi inayotoza, tuseme, Sh120,000, itakudai 90,000 zilizobaki, na hapo bima haijakosea, imelipa ilichoahidi. Kwa hivyo anayetaka kujifungulia hospitali ya kibinafsi ajitayarishe kwa bei ya upasuaji hata kama mimba yake inakwenda vizuri. Ukipanga bajeti ya kawaida ya 35,000 ukaishia mezani, tofauti hiyo haitafutwi usiku mmoja.

Upasuaji uliopangwa, kwa mfano kwa aliyewahi kupasuliwa mara mbili au mtoto aliyetanguliza matako, una nafasi ya kutayarishiwa karatasi. Idhini ya SHA iombwe na hospitali siku kadhaa kabla, nawe uulize kama imejibiwa kabla hujafunga kula. Upasuaji wa dharura hausubiri karatasi, na asikudanganye mtu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifafa cha mimba, damu inayovuja, mtoto aliyechoka tumboni: hizo ni dharura, bima iko hai au imekufa.

Tofauti ya Sh20,000 kati ya kuzaa kawaida na kupasuliwa ina kishawishi chake pia, na baadhi ya hospitali zinakifuata. Ukiambiwa upasuaji, uliza sababu ni nini na imeandikwa wapi kwenye ile chati ya leba. Swali hilo halimkasirishi daktari mwenye sababu. Na baada ya kutoka, ingia Afya Yangu uone hospitali imedai nini kwa jina lako. Uliyezaa kawaida ukikuta umeandikiwa upasuaji, piga simu ya bure 147 uripoti. Hiyo ni pesa ya mfuko wenu.

Damu ya kuongezewa haiuzwi. Hospitali inaweza kuwaomba jamaa wajitolee kujaza pengo, na hilo ni sawa, lakini anayekutajia bei ya chupa anafanya biashara yake binafsi.

Mtoto

Mtoto aliyezaliwa mzima hana neno. Chanjo za kwanza, ya kifua kikuu na ya polio, ni bure katika hospitali za umma. Maneno huanza kwa mtoto njiti, au aliyepumua kwa shida akapelekwa wodi ya watoto wachanga, ambayo wengi wanaiita nasari. Zile 10,000 au 30,000 ni za kujifungua. Mtoto akilazwa, bili yake ni ya kwake, inapanda siku hadi siku, na yeye hayumo kwenye mfumo.

Njia ya kumwingiza ni ile arifa ya kuzaliwa inayotolewa na hospitali. Bila hiyo hawezi kuongezwa chini ya mzazi, na pia hutapata cheti cha kuzaliwa. Kinachoichelewesha ni kichekesho: jina. Nesi anauliza mtoto anaitwa nani, mama anasema baba yake bado hajaongea na bibi upande wa kwao, fomu inawekwa kando, Ijumaa inaingia. Kama mnajua mtoto huenda akazaliwa kabla ya wakati, au ni mapacha, au mama ana presha, kubalianeni majina mawili ya kike na mawili ya kiume mapema. Majina ya mizimu na ya mashangazi mtayaongeza baadaye nyumbani.

Baada ya hapo kuna kliniki ndani ya saa 48, wiki ya kwanza au ya pili, wiki ya 4 hadi 6, na mwezi wa 4 hadi 6. Katika kituo cha afya zinarudi kwenye ule mfuko wa bure. Huduma hii ni nzuri na wamama wanaiacha bure. Kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha au homa ya wiki ya pili huonekana hapo kabla hakijawa cha kulazwa.

Ukikwama na bili

Bili ikizidi, omba iandikwe mstari kwa mstari, kisha utafute mistari ile ambayo ilipaswa kuwa ndani ya malipo ya jumla ya SHA. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kupanga msamaha au malipo ya awamu. Iombe kabla ya siku ya kuruhusiwa, kwani kitanda cha siku ya ziada nacho kinahesabiwa. Kumzuia mama asitoke kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zake: Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 2015 katika kesi ya wamama waliozuiliwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Deni linabaki deni na mnaweza kuandikiana mkataba wa kulilipa, lakini mwili wa mtu si dhamana.

Na aliyefikisha wiki 37 leo, hajalipa kitu? Ajisajili asubuhi kwa *147#, ajibu maswali ya nyumba kwa uangalifu, alipe mwaka mzima au aombe Lipa SHA Pole Pole, kisha siku hiyo hiyo aende hospitali ya umma ya ngazi ya 4 iliyo karibu na kitambulisho na kitabu chake, asajiliwe vidole, na asiondoke dirishani mpaka karani amgeuzie skrini auone mchango wake mwenyewe.